Tafuta gazeti la kesho yake

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba uliandika tarehe yako ya kuzaliwa kwenye tovuti mojawapo, ukaletewa orodha ya waigizaji na wanamuziki wa Marekani, ukajiona hujaambulia kitu, na sasa unauliza kama ipo njia ya maana zaidi ya kujua dunia ilikuwa katika hali gani siku uliyozaliwa. Njia ipo. Nimeipitia mwenyewe kwa karibu miaka miwili, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu sehemu yake kubwa inategemea wazee, na wazee wetu wanapungua kila mwaka.

Cheti changu cha kuzaliwa kinasema nilizaliwa tarehe 21 Aprili 1984. Mama yangu, tangu nikiwa mdogo, alikuwa akisema jambo moja tu: "Wewe ulizaliwa siku aliyofariki Sokoine." Kwa miaka mingi niliyachukua maneno hayo kama namna ya kusimulia, jinsi wazee wanavyosema fulani alizaliwa mwaka wa njaa au wakati wa Vita vya Kagera, bila kukusudia siku yenyewe. Nilipofika miaka 30 nikawa natafuta karatasi fulani za safari, nikagundua kwamba Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania, alifariki tarehe 12 Aprili 1984. Kati ya tarehe ya cheti na tarehe ya mama kulikuwa na siku tisa, na ilionekana wazi kwamba aliyeandika daftari la usajili aligeuza tarakimu, 12 ikawa 21. Kuanzia hapo sikuweza tena kuliacha jambo hili.

Kwa hiyo nilianza na mama, na ninakushauri nawe uanzie kwa aliyekuwapo. Usimwulize "ilikuwa tarehe ngapi", kwa maana tarehe ndicho kitu cha kwanza kusahaulika. Mwulize alikuwa amevaa nini, nani alimpeleka hospitali, alikula nini baada ya kujifungua, kulikuwa na mvua au jua. Mama yangu alinijibu kwamba nilizaliwa mchana, katika wodi ya hospitali moja huko Same, mkoani Kilimanjaro, na kwamba nilifunikwa kwa kipande cha khanga yake iliyochanwa katikati, kwa sababu nguo za mtoto hazikupatikana dukani kwa fedha yoyote. Baba alikuwa amehangaika siku tatu kutafuta sukari ya uji wa mzazi na akaja na robo kilo iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Jioni ile, alisema, redio ya wauguzi ilikuwa dirishani, na ghafla muuguzi mmoja aliyekuwa akikunja mashuka alisimama wima na shuka mkononi, asilikunje wala asiliweke chini, mpaka Mwalimu Nyerere alipomaliza kutangaza kifo cha Sokoine. Kisha akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa na kulia kwa sauti. Watoto wawili wa kiume waliozaliwa usiku huo katika wodi ileile waliitwa Sokoine. Mimi kwa kuwa ni msichana nilisalimika na jina la bibi yangu, lakini hadi leo nikikutana na mtu wa rika langu anayeitwa Moringe huwa namwuliza kwa heshima amezaliwa lini.

Baada ya kumsikiliza ndipo nilipotafuta ushahidi. Kalenda ya mwaka 1984 inaonyesha kwamba tarehe 12 Aprili ilikuwa Alhamisi, na tarehe 21 ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pasaka, kwa maana Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 22. Nilipomwuliza mama kama alikuwa hospitali mkesha wa Pasaka, alinishangaa; alikumbuka vizuri kwamba Pasaka ile alikuwa nyumbani, na mimi nilikuwa mgongoni mwa shangazi wakati wengine walipokwenda kanisani. Cheti changu cha ubatizo, kilichokaa ndani ya Biblia ya familia muda wote huo, kilionyesha kwamba nilizaliwa tarehe 12. Mtu yeyote mwenye shaka na tarehe yake aanze na karatasi za namna hii, pamoja na kadi ya kliniki kama ipo, kwa kuwa ziliandikwa karibu zaidi na tukio kuliko vyeti vingi vilivyotolewa miaka baadaye.

Kisha nilikwenda maktaba. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya East Africana inayohifadhi magazeti ya zamani, na ni huko nilikofanya kosa ambalo ningependa wewe usilifanye. Niliomba gazeti la tarehe 12 Aprili 1984. Nililifungua kwa uangalifu, karatasi zake zikiwa za njano na pembe zake zikivunjika, nikalisoma ukurasa kwa ukurasa, na ndani yake Sokoine alikuwa hai. Nilikaa nikiwa nimeduwaa kwa dakika kadhaa kabla ya kuelewa. Gazeti la asubuhi huchapishwa usiku uliotangulia. Linakueleza dunia ya jana yake. Ajali ya gari iliyomwua Sokoine ilitokea alasiri ya Alhamisi, kwa hiyo gazeti la siku yangu ni lile la Ijumaa tarehe 13. Hata hivyo sijutii kulisoma lile la kwanza, kwa sababu linaonyesha jinsi watu walivyoamka asubuhi ile wakiwa hawajui lolote, na mama yangu alikuwa mmoja wao, akiwa na uchungu wa uzazi na kumngoja baba alete sukari.

Wasomaji vijana wanaweza wasielewe kwa nini msiba wa waziri mkuu uliingia mpaka wodini, na bila kuelewa hilo tarehe inabaki kuwa namba tupu. Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938, akawa Waziri Mkuu mara ya kwanza kuanzia 1977 hadi 1980, na mara ya pili kuanzia Februari 1983. Alirudi katika nafasi hiyo wakati nchi ilikuwa imechoka: gharama za vita dhidi ya Idi Amin zilikuwa hazijasahaulika, fedha za kigeni zilikuwa haba, na sabuni, sukari, mafuta ya kula na nguo vilipatikana kwa foleni au kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1983 aliongoza msako wa walanguzi na wale walioitwa wahujumu uchumi. Watu wanaokumbuka msako huo husimulia bidhaa zilizotupwa usiku vichakani na wenye mali walioogopa kukutwa nazo. Ni katika mwaka huohuo magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kubeba abiria Dar es Salaam, na ndiyo yaliyokuja kuitwa daladala. Si kila alichokifanya kilikuwa na haki kwa kila mtu, na wapo waliokamatwa bila hatia, lakini mwanamke aliyejifungua bila sabuni alimwona kuwa mtu aliyekuwa upande wake. Nadhani muuguzi yule alimlilia kwa sababu hiyo.

Siku ile Sokoine alikuwa akitoka Dodoma, kwenye kikao cha Bunge, akielekea Dar es Salaam kwa gari, na ajali ilitokea Wami-Dakawa, mkoani Morogoro. Alikuwa na umri wa miaka 45. Maneno mengi yamesemwa juu ya ajali hiyo na sitayarudia hapa, kwa sababu siwezi kuyathibitisha. Lililonigusa mimi ni kwamba gari lililogongana na la kwake liliendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini, mtu wa ANC, chama kilichopigana na utawala wa ubaguzi wa rangi kwao, na swali la kwa nini kijana wa Afrika Kusini alikuwa barabarani Dakawa ndilo lililonitoa kwenye wodi ya Same na kunipeleka duniani.

Tanzania ilikuwa imewapa ANC ardhi Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, mwaka 1977, na baadaye Dakawa mwaka 1982. Mazimbu walijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwezi Aprili 1979. Tarehe 16 Machi 1984, chini ya mwezi mmoja kabla sijazaliwa, Samora Machel, Rais wa Msumbiji, alilazimika kutia saini mkataba wa Nkomati na P. W. Botha, kiongozi wa Afrika Kusini, kwamba hakuna atakayewasaidia wapinzani wa mwenzake, na Msumbiji ikawaondoa wanachama wengi wa ANC. Mzigo wa kuwahifadhi ukazidi kuelekea nchi kama yetu. Haya hayakutokea siku niliyozaliwa, lakini bila haya siku hiyo haielezeki, na ndiyo maana orodha ya matukio ya siku moja haitoshi.

Matukio mengine ya dunia nitayapitia kwa haraka. Siku niliyozaliwa chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilikuwa angani, na wanaanga wake waliirudisha kwenye njia yake setilaiti ya kuchunguza jua waliyokuwa wameikarabati hukohuko juu. Siku chache kabla yake watu 11 walikuwa angani kwa wakati mmoja, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya hapo, akiwamo Rakesh Sharma, Mhindi wa kwanza kufika huko. Jioni hiyo pia Wapalestina wanne waliteka basi lililokuwa likitoka Tel Aviv kwenda Ashkelon. Unaposoma habari za namna hii, kumbuka tofauti ya saa: Wami ilipokuwa alasiri, Florida ilikuwa bado asubuhi, na tukio lililoandikwa tarehe 12 huko linaweza kuwa la tarehe 13 kwetu.

Mwaka juzi mdogo wangu alipata nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa Julai 1984 na kupewa jina la marehemu, na alipangiwa kampasi ya Mazimbu. Nilimsindikiza. Majengo yale anayosomea ni yaleyale waliyoyajenga wakimbizi wa Afrika Kusini, na kampasi bado inaitwa Solomon Mahlangu. Makaburi ya wenzao waliofia ugenini yapo hapohapo, yakitunzwa. Nilisimama pale nikimfikiria waziri mkuu na kijana yule wa ANC, ambao majina ya pande zao mbili yamekutana kwenye chuo kimoja.

Nilipokwenda Same likizo nilimpelekea mama nakala ya gazeti la Ijumaa tarehe 13, kwa kuwa magazeti yalichelewa sana kufika kwao wakati ule na hakuwahi kuliona. Aliweka miwani, akasoma polepole kwa sauti ndogo hadi mwisho wa ukurasa, akaniuliza kama ninaweza kuiacha. Aliikunja mara nne na kuiweka ndani ya Biblia, pamoja na cheti changu cha ubatizo.