Kabla Hujamwomba Mtu Apunguze Maji

Umeajiriwa juzi kwenye skimu yetu ya maji, umepewa spana na daftari la mita, na kiangazi cha Juni kimekukuta hujajua hata valvu zetu zilipofukiwa. Basi soma haya, mengine nitakuonyesha njiani.

Huku Isingiro ukame si mgeni. Tumo katika ule ukanda wa ng'ombe unaoikata Uganda kutoka kusini-magharibi hadi Karamoja, na waliokuwepo mwaka 2016 watakusimulia migomba iliyokauka ingali imesimama. Maji yetu yanatoka Ziwa Nakivale, na ziwa linategemea sana Mto Rwizi, unaoanzia vilima vya Buhweju na kupita Mbarara ambako nao wanauchota. Kila bwawa la mafunjo linalogeuzwa shamba huko juu tunakuja kuliona huku chini kwenye kipimo cha ziwa. Ziwa lenyewe halina kina. Likishuka, pampu inavuta tope, na shabu, ile dawa ya kutuliza tope, tuliyopanga itoshe mwezi inakwisha mapema.

Linalowashangaza wageni wengi ni hili: chanzo kinapungua na wateja wanaongezeka kwa wakati mmoja. Masika watu wengi hawatuhitaji. Wana matangi chini ya mabati, wana visima vya bondeni, mifugo inakunywa kwenye mabwawa. Bondeni pakikauka wote wanarudi kwenye koki, na hawaji peke yao. Ng'ombe wa Ankole siku ya jua kali anaweza kumaliza lita 40, yaani jerikeni mbili. Mwenye ng'ombe 30 aliyeunga mpira kwenye koki ya nyumbani anatumia jerikeni 60 kwa siku. Kwa kipimo cha lita 20 kwa mtu, kile UNHCR inachokilenga kwenye makazi ya wakimbizi, hayo ni maji ya watu 60. Weka hesabu hiyo kichwani, tutairudia.

Utaniuliza kwa nini tusifunge tu valvu tukaanza mgao. Tumeshawahi. Ukitangaza mgao, kila nyumba inajaza kila chombo, hata sufuria za harusi, na kesho yake maji mapya yakija ya jana yanamwagwa. Watu wanalala wameacha koki wazi ili wasipitwe, maji yanafika usiku wa manane na kutiririka hadi alfajiri. Bomba likikaa tupu linanyonya uchafu kupitia nyufa zake, halafu ukirudisha maji hewa inatangulia na kuzungusha mita, mteja analipia upepo. Atakuja ofisini, na atakuwa na haki. Mgao ni wa siku ambayo hakuna njia nyingine. Kabla ya hapo tunaomba, na kuomba kuna adabu zake.

Mimi adabu hizo nilifunzwa kwa aibu. Kiangazi changu cha kwanza, nikiwa na skimu nyingine, nilipewa kipaza sauti na boda boda nikazunguka mji mzima: "Ndugu wananchi, tunzeni maji!" Nikasimama kwenye kioski cha maji cha sokoni, nikaeleza mambo ya kuoga kwa beseni. Mama mmoja wa Kikongo, mtoto mgongoni, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na lile ziwa lenu kule chini ya tangi, nalo mnalitunza?" Watu wakacheka. Kulikuwa na kiungo kilichoachia chini ya tangi letu, kwa wiki mbili, na bata walikuwa wameshahamia. Sikuwa na jibu. Nilizima kipaza sauti nikaenda kutafuta fundi.

Kwa hiyo usimwombe mtu apunguze kabla hujaziba matundu yako mwenyewe. Hata shirika kubwa la taifa la maji, lililoanzishwa mwaka 1972, lina sehemu kubwa ya maji yanayozalishwa na hayalipiwi na mtu: mengine yanavuja, mengine yanaibwa, mengine yanapita kwenye mita zilizochoka. Sisi wadogo tusijidanganye kwamba tuko salama. Njia ya kujua ni rahisi. Saa nane usiku, mji umelala, simama kwenye mita kuu inayotoka tangini. Sindano inapaswa kukaribia kutulia. Ikiwa inakimbia, kuna mahali panavuja. Hapo unafunga valvu za mitaa moja baada ya nyingine, na sindano ikipungua ghafla umeupata mtaa. Kisha unachukua nondo, ncha moja juu ya bomba, nyingine sikioni, unatembea. Bomba zima la chuma halisemi kitu. Linalovuja linatoa sauti kama mtu anayenyamazisha mtoto, shshsh, na ukikaribia sauti inapanda. Kwenye mabomba ya plastiki nondo haisaidii sana, huko tafuta majani yaliyo mabichi wakati jirani zake wamekauka.

Ukishaziba, ndipo uombe. Na uchague wa kumwomba.

Mama anayepanga foleni kioskini na jerikeni mbili kwa watu sita hana cha kupunguza. Maji yaliyooshea mboga ameyaoshea vyombo, na ya vyombo amemwagia mche wa nyanya. Kumhubiria huyo ni kumtukana. Nenda kwa mwenye ng'ombe niliyemtaja. Mzee wa namna hiyo hafuatwi kwa kipaza sauti: unakwenda nyumbani, unakaribishwa, unakunywa maziwa, unaongelea ng'ombe kwanza, kisha unamfanyia hesabu ya wale watu 60. Mara nyingi atakubali kunywesha usiku, tangi linapopumua, au kurudi kwenye bwawa mapema mvua ikianza. Nenda kwa waosha magari: mpira ulio wazi unamwaga lita 10 hadi 20 kwa dakika, ndoo mbili zinaosha gari lile lile. Nenda nyumba za wageni na shule za bweni, uangalie vyoo vya kuvuta. Chupa ya lita moja iliyojazwa maji na kuzamishwa kwenye tangi la choo inaokoa lita moja kila kinapovutwa. Na koki inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza kama jerikeni moja kwa siku. Beba washa za mpira za koki mfukoni, umbadilishie mtu hapo hapo. Sh. ngapi ile? Ndogo kuliko mafuta ya boda boda.

Usiseme "mita za ujazo". Mita moja ya ujazo ni jerikeni 50, sema hivyo. Na useme kwa lugha ya anayekusikiliza: Kinyankore sokoni, Kinyarwanda kwa wafugaji wengi, Kiswahili upande wa makazi ya wakimbizi, ambako jerikeni inaitwa bido na ukisema vingine watajua wewe ni wa ofisini. Andika kila asubuhi ubaoni pale kioskini: jana tumepampu kiasi gani, tangi limefika wapi. Siku pampu imekufa, andika pampu imekufa. Andika pia bei ya jerikeni, kwa herufi kubwa, maana ukame ukikaza wachuuzi wanaipandisha na lawama inakuja kwetu.

Kuna moja ambalo meneja halipendi. Watu wakiitikia, mauzo yanashuka, na bili ya umeme ya pampu haishuki kwa kiasi hicho. Mwambie mapema, kabla ya kampeni, aweke akiba ya shabu na klorini. La sivyo Agosti mtakuwa mnawaomba watu wapunguze mchana, na mhasibu anakuuliza jioni kwa nini hawanunui.

Mvua za Septemba zikishika, futa ombi siku hiyo hiyo na uandike ubaoni kiasi kilichookolewa. Niliona skimu moja ikisahau tangazo lake ukutani hadi Krismasi. Mwaka uliofuata hakuna aliyelisoma.

Leo usiku tunaanza na mita kuu. Saa saba na nusu uwe tangini, na koti, na tochi yenye betri mpya. Pita barabara ya juu. Mbwa wa duka la dawa hawakujui bado.