Maji Yenye Dawa na Mtungi wa Mavyaa

SWALI: Ninaishi Siyu, katika kisiwa cha Pate. Maji yetu ni ya mvua, tunayateka jabiani, yaani birika kubwa la kuwekea maji ya mvua, na kila asubuhi ninayatia dawa ya klorini ndani ya mtungi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha ninasubiri nusu saa. Hata hivyo, wanangu wameharisha mara mbili tangu Idi. Mavyaa wangu asema ni dawa inayowavuruga matumbo. Je, ni kweli?
Mama wa Wawili, Siyu

JIBU: Si kweli, dada yangu, klorini iliyotiwa kwa kipimo cha maji ya kunywa haimharishi mtoto. Ninaloshuku mimi ni huo mtungi, nami nalisema kwa masikitiko, maana sijaonja maji matamu kama ya mtungini.

Maji hupenya polepole kwenye udongo wa mtungi hadi nje yakageuka mvuke, na ndiyo sababu ya ubaridi wake. Lakini udongo huohuo huila klorini. Shirika la Afya Duniani lataka maji yabaki na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa kila lita hadi yanapomfikia mnywaji, ili vijidudu vitakavyoingia baadaye navyo vife. Katika chombo cha udongo akiba hiyo huisha upesi kuliko katika plastiki, hivyo maji uliyoyatia dawa asubuhi huenda jioni hayana kinga yoyote. Hapo ndipo kata ya kuchotea maji inapoleta balaa: huachwa sakafuni, mtoto aliyetoka kucheza mchangani huishika, akachota na vidole vyake vikazama.

Yatie dawa ndani ya dumu safi la lita 20 lenye mdomo mwembamba na kifuniko, ambalo halikuwahi kubeba mafuta ya taa wala dawa ya shamba, uliweke kivulini kwa kuwa jua huipunguza klorini nguvu, kisha umimine badala ya kuchota. Maji ya jabia yakiwa na takataka, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Yakibaki na ukungu, fuata kipimo cha maji machafu, ambacho kwa kawaida huwa maradufu. Yanyweni ndani ya saa 24. Dumu likiota utelezi, tia sabuni na changarawe kidogo, ulitikise kwa nguvu na kulisuuza.

Kuchemsha nako huua vijidudu, ila hakuachi kinga yoyote nyuma yake, kwa hivyo maji hayo yapoe ndani ya sufuria ileile iliyofunikwa.

Mtungi wa mavyaa usiutupe. Uoshe, umimine humo maji ya dumu yatakayonywewa kwa saa chache, na ukipata fundi wa kuutia bilula, kata haitahitajika tena.

Watoto wakiharisha tena, wape maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaliyokorogwa kwa maji ya dumu hilo. Ukiona damu kwenye choo, macho yaliyoingia ndani au mtoto aliyelegea, mpeleke zahanati siku hiyohiyo.