Mahitaji, haja, uhitaji: lipi ni lipi?

Ndugu, umesema ujumbe wa safari ya mafunzo ulikutaka uje na "mahitaji yako muhimu", ukabaki hujui ufungashe nini. Hapo mahitaji ni vile vitu ambavyo ukivikosa siku haiendi: dawa unazomeza kila siku, miwani, mswaki, nguo za kubadili, chaja. Spika ya muziki iache nyumbani, hiyo ni anasa (najua utabisha).

Neno limetokana na kitenzi kuhitaji, ambacho asili yake ni Kiarabu. Umoja wake ni hitaji, kwa hiyo sema "mahitaji yangu yametimia". "Mahitaji zangu" naisikia kila siku na bado inanikera.

Penye kuteleza ni kwa ndugu zake. Uhitaji ni ile hali yenyewe ya kupungukiwa, na mhitaji ni mtu aliye katika hali hiyo. Ukimwita mtu mhitaji mbele za watu anaweza kuona umemdhalilisha. Haja nayo ina mambo yake. "Hakuna haja ya kuja" ni sawa kabisa, lakini ukisema "nina haja" ukanyamaza hapo, mwenyeji wako atakuonyesha choo kilipo. Malizia sentensi: "nina haja na wewe", au "nina haja ya kuzungumza nawe".

Ukisoma habari za uchumi utakuta "ugavi na mahitaji". Hapo mahitaji ni kiasi cha bidhaa ambacho wanunuzi wanataka, hata kama ni manukato.