"Imevimba kidogo tu": maneno kwa wageni wa lipo

Juzi kijana kaja kwenye uwanja wetu wa magari ya rimoti na lipo, ile betri ya lithiamu-polima, iliyotuna mpaka bodi ya gari haikai. Nikamwambia aitoe. "Imevimba kidogo tu, kaka, mbona bado inavuta." Wa kwanza si yeye, na kwa hali ninayoiona hatakuwa wa mwisho, ndiyo maana naandika. 2S na 3S (seli mbili au tatu mfululizo) mnazijua, ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) mnaijua, siwarudishi darasa la kwanza.

1. Betri ikivimba imekwisha, hakuna cha kidogo. Ile ni gesi ya elektroliti iliyoharibika ndani, na hairudi ilikotoka. Msiitoboe. Aliyewaambia mtoboe na sindano kisha mzibe na gundi, msimwulize tena jambo lolote.

2. Chaji kwa 1C, yaani ampea zinazolingana na uwezo wa betri (mAh). 5000 mAh ni ampea 5, 2200 mAh ni ampea 2.2, basi. Ile 50C iliyoandikwa kwa maandishi makubwa ubavuni ni ya kutoa umeme, si ya kuingiza. Na hata huko kwenye kutoa, pigeni hesabu: 5000 mAh mara 50C ni ampea 250. Tazama unene wa waya wenyewe, halafu uniambie kama unaamini. Mimi namba hiyo huisoma kama sifa za bwana harusi siku ya posa.

3. Plagi ndogo nyeupe si pambo. Bila waya zake za balansi, za kusawazisha seli, chaja inaona jumla tu: 2S inasoma volti 8.4 safi kabisa, kumbe seli moja iko 4.3 na mwenzake 4.1. Mwisho wa kila seli ni 4.2.

4. Modi. Hapa mnivumilie.

Nilipohama kutoka NiMH, betri za nikeli, nilibadilisha betri nikasahau kubadilisha ESC. Ikabaki kwenye NiMH, maana yake haikati umeme hata seli ziishe kabisa. Gari likaanza kujikokota upande wa pili wa uwanja, nami kwa uvivu wa kulifuata nikaendelea kubonya ili lirudi lenyewe. Likarudi. Nikazima swichi, nikaliweka kando bila kuchomoa betri, na ESC nyingi hata ukizizima huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo.

Asubuhi chaja ikakataa: volti ndogo mno. Ilikuwa inaniambia ukweli. Lakini nilishasikia ule ujanja, na nyinyi mmeshausikia: weka chaja kwenye NiMH, isukume mpaka volti zipande, kisha rudi kwenye lipo. Nikaona nimewazidi akili waliotengeneza chaja. Sikujua kwamba seli ikishuka mno shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo hujijenga pasipotakiwa mpaka ikapiga shoti humo humo. Wala sikujua kwamba chaja ikiwa kwenye NiMH haisimami kwenye 4.2. Inasubiri volti zishuke kidogo ndipo ijue betri imejaa, na lipo haitoi dalili hiyo. Itasukumwa tu.

Nilisema dakika chache. Nikageuka kukaza skrubu za tairi. Kwanza nilisikia ganda likilia "tak" pale lilipoungwa, nikageuka, nikaliona limeinuka katikati. Ikafuata harufu tamutamu, kama ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, halafu moshi mweupe ukatoka kwa kasi, halafu moto. Mchanga nilikuwa nao, ndoo nzima, chini ya meza ileile iliyokuwa inawaka. Mimi nimesimama na bisibisi mkononi. Kilichonitoa nje si busara, ni kikohozi, na nashukuru, maana moshi ule una sumu. Chaja ilikwenda, meza ilikwenda, gari likabaki nusu. Watu wakaniuliza ilikuwaje, nikawaambia betri ilikuwa feki.

Haikuwa feki.

Kwa hiyo: ESC kwenye lipo, ikate kati ya 3.2 na 3.4 kwa seli. Idadi ya seli kwenye chaja ihakikishe mwenyewe kabla ya kubonya. Na chaja ikikataa, ikubali.

5. Kama hukimbizi gari kesho, ishushe mpaka 3.8 kwa seli. Lipo iliyokaa imejaa wiki nzima inazeeka bure.

6. Ukibadilisha plagi, kata waya mmoja, umalize kazi yake, uufunike, ndipo uguse wa pili. Rafiki yangu alikata yote miwili kwa mkupuo mmoja, na koleo lake hadi leo lina pengo la mviringo kwenye meno. Anadai linafaa sana kumenyea waya.

7. Ikitoka garini ya moto, iache ipoe kwanza ndipo uichaji. Ikigongwa vibaya, iweke nje juu ya zege, mbali na chochote kinachoshika moto, uitazame kwa muda.

8. Mfuko wa lipo unapunguza moto, hauzuii moshi. Chaji ukiwa hapo hapo, na mchanga uwe mahali unapofikika.

Kuna aliyeniuliza kuhusu kuchaji betri kadhaa kwa pamoja kwenye ubao mmoja. Zikiwa na volti tofauti, hujazana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu mara tu unapoziunganisha. Tutaongea. Kwanza nione mnazichomoa garini.