Jibu: Paneli za jua zote Makunduchi?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini paneli zote za umeme wa jua za Zanzibar zisirundikwe maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe) ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, maana "pale hapaoti kitu". Panaota! Watu wa kule hufyeka kipande, wakapanda mtama na mbaazi kwenye vishimo vya udongo baina ya mawe, kisha hukiacha kichaka kirudi. Hukata kuni, hulisha mbuzi. Ukitia uzio ushawanyang'anya konde. Hata hivyo nakubali, bora maweni kuliko mabonde ya mpunga au mikarafuu. Megawati 1 hula hekta nzima, pengine zaidi.

Ila suala lako limeisahau Pemba (kama kawaida yetu). Unguja, umeme wa kutoka bara ulipokatika, ilikaa gizani karibu miezi 3 kuanzia Disemba 2009, na 2013 ikapata waya mwengine wa umeme wa kupita baharini, wa megawati 100. Pemba inategemea waya uliovutwa kutoka Tanga mwaka 2010. Mie ningeanzia huko, maweni ya Micheweni, baada ya kukaa na wenye makonde na kukagua kama laini za umeme zilizopo zinabeba mzigo. Na mapaa ya skuli na masoko yapo, hayamnyimi mtu mbaazi zake.