Kwa wanaoanza kubeba mabomba na mifuniko ya chuma kutoka bandari ya Lamu

Kama umehamia kwenye chuma ukitokea kwenye saruji, makontena au chumvi ya Gongoni, jambo la kwanza ni kuacha kulipima tela kwa macho. Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, humpumbaza mtu pande zote mbili. Mabomba makubwa ya maji yakipangwa safu nne huonekana yamefurika, kumbe ndani ni hewa na uzito bado uko sawa. Mifuniko ya mashimo ya barabarani pamoja na fremu zake inakaa kwenye paleti isiyofika kiunoni, na paleti moja inaweza kuwa tani nzima au zaidi. Mita moja ya ujazo ya chuma hiki ni tani 7 na ushee. Saruji ya mifuko haifiki hata 2.

Ndiyo maana taniboi (msaidizi wa dereva) mgeni atasimama nyuma ya tela lenye mifuniko, aone mbao tupu nusu nzima, akuambie, "Dere, bado kuna nafasi." Nafasi iko, uzito hauko. Mfundishe mapema, kwa sababu mwenye mzigo naye atasema hivyohivyo, na yeye ndiye anayelipa.

Hesabu ifanye kwenye karatasi kabla foklifti haijawashwa. Kichwa cha lori cha ekseli tatu (mihimili ya magurudumu) na tela la ekseli tatu, kwa sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, vinaruhusiwa tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye zile mbili za nyuma ya kichwa na 24 kwenye tatu za tela. Jumla 50. Humo toa uzito wa lori lenyewe, na usiuchukue kwa mazoea; lipime likiwa tupu, kwa kuwa matela hayalingani na lako huenda limeongezewa vyuma na mafundi wa gereji. Toa pia mbao, minyororo na tangi la dizeli likiwa limejaa. Kinachobaki ndicho chako. Kwa mfano, bomba la kipenyo cha milimita 600, urefu wa mita 6, lililopakwa saruji kwa ndani, ni kama tani moja. Mabomba 24 ni tani 24 na kidogo, hapo unapumua. Mifuniko hiyo hesabu huwezi kuikisia, kwa sababu aina hutofautiana sana. Ile iliyochongwa D400, inayotakiwa kuhimili tani kama 40 inapopimwa, ni mizito kuliko ya njia za miguu mara kadhaa, ingawa ukiiona kwa mbali unaweza kudhani ni sawa. Soma orodha ya mzigo, uzito wa jumla, si wa bidhaa peke yake.

Jumla kuwa sawa hakutoshi. Kwenye mzani kila kundi la ekseli husomwa peke yake, na mizani ya kuhamishika haitoi taarifa ya mahali itakapokuwa. Hapa wageni wengi hukwama, kwa sababu mambo mawili mazuri yanagombana. Usalama unataka mzigo uegemee ubao wa mbele, ili ukifunga breki usipate mwendo wa kukimbilia kebini. Mzani unataka uzito usirundikane mbele, la sivyo ekseli za kichwa zitazidi huku za tela zikiwa zinacheka. Dawa yake ni kuanza kwenye ubao wa mbele na kutandaza safu moja hadi nyuma, bila kubebanisha paleti mbili mbele eti kwa sababu foklifti imefika hapo vizuri. Ikibidi uache pengo mbele, lijaze kwa boriti zilizopigiliwa, na minyororo iongezwe. Usiache pengo tupu.

Sasa ukaguzi. Huu ndio mahali pa kutumia muda, hata mkuu wa zamu akikunja uso. Chuma cha kusubu hakijikunji kama mabati. Kile cha kijivu cha zamani hupasuka tu, na hata kile cha kisasa kinachovumilia kupinda kidogo, ukikigonga ukingoni kinaharibika. Chukua nyundo ndogo. Bomba au mfuniko uwe umekaa juu ya mbao, si chini kwenye saruji. Gonga polepole, sikiliza. Kizima hulia kama kengele, sauti ikakaa kidogo hewani. Chenye ufa hutoa sauti butu, inakufa palepale. Kwa mifuniko na fremu kipimo hiki hakikosei sana. Kwa mabomba yenye saruji ndani, saruji hiyo hupunguza mlio, kwa hiyo usitegemee sikio peke yake: ingiza tochi upande mmoja, taniboi aangalie upande wa pili, tafuteni saruji iliyobanduka au ufa unaozunguka. Kisha pitisha kidole kwenye ncha nyembamba, ile inayoingia kwenye kichwa (ncha pana) cha bomba jingine. Hapo ndipo meno ya foklifti hugonga. Ukikuta dosari, piga picha ikiwa bado kwenye yadi, iandikwe kwenye karatasi ya kupokelea na mtu wa bandarini aweke sahihi. Ukishapita geti ufa ni wako.

Pia hesabu mipira ya viungo. Inakuja kwenye magunia au maboksi, haina uzito, hakuna anayeijali, na bila hiyo mabomba yote uliyoyabeba hayaungiki. Iweke kebini au chini ya turubai, mbali na jua na mbali na mafuta.

Kupanga mabomba: kichwa kimoja huku, kingine kule, kwa zamu, ili vichwa visigusane na safu zilale sawa. Kati ya safu na safu weka mbao za mraba, na kila mwisho wa mbao kabari iliyopigwa misumari. Huku kwetu utashawishika kutumia boriti za mikoko, maana zimejaa na ni ngumu. Usizitumie. Ni za mviringo, na kitu cha mviringo juu ya kitu cha mviringo kitatembea. Tena mikoko haikatwi bila kibali, na hutaki askari wa misitu akuulize maswali ukiwa na tani 24 mgongoni. Mbao zina faida nyingine: chuma juu ya chuma, hasa kikiwa na umande wa bahari, hakishikani kabisa, ukiweka mbao kavu au vipande vya mpira katikati, mshiko unaongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo chini kabisa, juu ya sakafu ya tela, pafagie mchanga na mafuta.

Kufunga. Kanuni wanayoitumia Ulaya, nami naikubali, ni kwamba vifungo na vizuizi vyote kwa pamoja viweze kuzuia nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo kwenda mbele, na asilimia 50 kwenda pembeni na nyuma. Mzigo wa tani 25, basi, unataka uzuiliwe kwa tani 20 mbele. Ukishapiga hesabu hiyo mara moja hutarudi kwenye mikanda miwili na kamba ya katani. Minyororo ivalishwe mpira mahali inapogusa bomba, kwa sababu rangi ya nje ya bomba ndiyo kinga yake ardhini. Mikanda usiipitishe juu ya kona ya fremu ya mfuniko bila kipande cha tairi kukuu chini yake. Kona za kusubu ni kali na mkanda ukitikisika juu yake kutwa nzima unakatika. Na hii chumvi ya hewani Lamu hula minyororo na rachet za kukazia mikanda kuliko unavyodhani. Paka grisi kila ukirudi.

Bandari yenyewe iko Kililana, bara, si kisiwani. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na ukizoea Kilindini ya Mombasa utaona huku kumetulia, jambo ambalo ni zuri kwako: hakuna foleni ya kukuharakisha, kwa hiyo huna kisingizio cha kupakia ovyo. Ukitoka hapo unapita mji mdogo wa Hindi, unashika barabara ya Witu hadi Garsen, kilomita mia moja na ushee za lami, kisha unageuza kusini kwenda Malindi, nyingine kama 110. Ukienda Garissa unapandisha juu kuanzia njia panda ya Minjila, karibu na Garsen.

Kawaida mkanda hulegea kilomita 20 au 30 za mwanzo, mzigo unapokaa. Kwingine ungesimama popote ukakaza. Barabara hii haitaki hivyo. Kati ya Hindi na Gamba kuna sehemu ambazo huenda magari yakatembea kwa msafara na askari, kwa saa zinazopangwa na wenye usalama, na usiku si wa kusafiri. Kwa hiyo kaza unapotoka bandarini, simama Hindi ukaze tena kabla ya kuendelea, kisha kaza Witu ukiruhusiwa. Asubuhi kabla ya kuwasha gari, uliza hali ya siku hiyo kituo cha polisi na kwa madereva waliotoka upande wa pili. Usitegemee habari za jana.

Msimu wa mvua, ulizia maji pia. Mwishoni mwa 2023 mafuriko ya El Nino yaliikata barabara hii upande wa Gamba, magari yakalala huko. Mwenye pikipiki au matatu akivuka maji juu ya lami usimfuate. Udongo wa delta ya Tana ni ule mweusi, maji yakipita hula chini ya ukingo wa barabara bila kuonekana juu, na lori la tani 50 ndilo litakaloonyesha palipoliwa. Matuta ya Gongoni na Mambrui nayo yavuke taratibu, gurudumu kwa gurudumu, hata kama aliye nyuma anapiga honi. Tuta moja la haraka linaweza kupasua saruji ya ndani ya bomba, na hutajua hadi saiti.

Mzigo wa mifuniko ukiwa ni wa Amu mjini, kisiwani Lamu, lori lako linaishia Mokowe. Kutoka hapo ni jahazi, na ukifika ng'ambo ni punda na mikokoteni ya mkono. Pangilia na nahodha kwa maji: ukifika maji yamekupwa, utakaa gatini na mzigo hadi maji yajae. Na usikubali paleti nzima ishushwe pembeni mwa chombo. Igawe, ianzie katikati chini.

Njiani weka karatasi karibu. Tangu wizi wa vyuma vya miundombinu uliofanya serikali isimamishe biashara ya vyuma chakavu mwanzoni mwa 2022, polisi akiona mifuniko kwenye tela anauliza, na ana haki. Karatasi ya bandari, ya forodha na ya mwenye mzigo ziwe kwenye faili moja, namba za paleti zikiwa zimeandikwa. Ukilala Garsen au Malindi, lala kwenye uwanja wenye mlinzi. Mfuniko mmoja ukipungua shimo la mtu litabaki wazi barabarani.

Kushusha ndiko watu huumia. Usifungue vifungo vyote kwa mpigo. Fungua cha safu ya juu, kabari za chini zikae. Simama kwenye ncha ya tela, kamwe usisimame ubavuni. Saiti nyingi utaambiwa, "Yaviringishe tu, tumeweka matairi chini." Kataa kwa adabu, sema unangoja kreni au ekskaveta na mikanda ya kunyanyulia. Mnyororo usipitishwe ndani ya bomba. Mpokeaji ahesabu mbele yako, mipira ya viungo ikiwemo, aandike idadi na kasoro, aweke sahihi na saa.

Mbao na kabari zihesabu kabla ya kurudi. Vijana wa saiti watakuomba za kupikia, na bandarini hakuna atakayekupa nyingine.