Mark X na mgongo wa mama

SWALI: Shikamoo fundi. Kila mwezi naenda Iringa na mke wangu na mama, ambaye mgongo unamsumbua. Nimeonyeshwa gari, Toyota Mark X ya 2010, injini ya lita 2.5. Ndani inavutia mno. Niichukue? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Ngozi ya siti isikuvutie kwanza. Mkalishe mama nyuma, mzunguke barabarani nusu saa, umuulize yeye. Mark X nyingi zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, hivyo shafti inayopeleka nguvu ya injini huko inapita chini katikati na sakafu ya nyuma ina nundu kubwa. Anayekaa kati hana pa kuweka miguu. Mama akae pembeni.

Injini yake ya V6, yaani silinda sita, ni tulivu, mtaongea bila kupaza sauti. Kona za mlima Kitonga, njiani kwenda Iringa, inazishika vizuri, ila kwenye mvua usikanyage mafuta ghafla, mkia unaweza kuteleza.

Kazi ipo kwenye matuta. Lipitishe gari polepole mkiwa wote ndani, redio imezimwa. Mkisikia mlio wa kugonga upande mmoja, kagua bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini) na shokapu kabla ya kulipa. Na rimu zikiwa za inchi 18, tairi zina ubavu mwembamba. Kila shimo litamfikia mama. Tafuta yenye 16.